Dakika Saba za Upande B

Sanduku lilifika Kisumu juu ya keria ya matatu ya Butere, limefungwa kwa kamba ya katani, na makanga akalitoza nauli ya mtu mzima. Nilipouliza kwa nini, akasema lina uzito wa mtu mzima. Nililipa. Ndani mlikuwa na santuri 63 na kaseti 41, muziki wote aliouacha marehemu baba, pamoja na kitana, risiti za reli na kiatu kimoja ambacho mpaka leo hakuna aliyenieleza kilifikaje humo.

Baba alikuwa gadi wa treni. Tulilelewa katika nyumba za reli pale Nakuru, ukuta mmoja tukipakana na Wakamba na ukuta wa pili na Wanubi. Yeye Mluhya wa Butere, mama Mluo wa Seme, kwa hiyo Kiswahili kikawa ndicho cha kugombania na ndicho cha kupatania. Kazi ilimpeleka Kisumu na kurudi, na mara mojamoja kwenye lile tawi la reli la Butere, akapita kwao akiwa na sare na filimbi shingoni. Mshahara ukitoka alinunua santuri kabla ya sukari. Mama alimsamehe mengi, lakini hilo hakulisahau.

Alipostaafu sanduku likaenda Butere, likasukumwa chini ya kitanda cha shangazi, dada yake mkubwa. Likakaa miaka. Baba akatangulia, nalo likaendelea kukaa. Mwaka jana shangazi akanipigia simu: "Njoo uchukue vitu vya babako. Panya wamemaliza maganda, sasa wanaingia kwenye nyimbo."

Nilidhani ni kazi ya wikendi mbili. Nachomeka waya, nabonyeza kitufe, naenda sokoni, nikirudi nyimbo ziko kwenye kompyuta. Mimi ni mwalimu wa hesabu, ila hesabu hiyo niliifanya kama mtoto wa darasa la pili. Picha ya zamani unaipiga kwa simu mara moja, imekwisha. Sauti lazima ichezwe kwa mwendo wake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, huku kompyuta ikisikiliza. Kaseti ya C90 inadai saa moja na nusu, na hakuna mlango wa nyuma. Kaseti 41, ukizichukulia zote kuwa za dakika 90, ni saa 61 na nusu. Ongeza santuri ndogo 55 za pande mbilimbili na zile kubwa 8, utakaribia saa 72 za kukaa kitini, na hapo hakuna kitu kilichokuharibikia bado. Kwangu viliharibika vingi.

Kabla ya yote nilijaribu njia ya mkato. Nilimpelekea mtu mmoja mjini kaseti mbili za majaribio, anafanya kazi hiyo kwa malipo. Akanirudishia MP3 zilizosafishwa mpaka mapengo kati ya neno na neno yakawa kimya cha kaburini, na kila sauti ya "s" inasikika kama mtu anakanyaga majani makavu. Alijivunia sana. Nilimlipa, nikamshukuru, nikarudi nyumbani nimeshaamua kuwa nitajifunza mwenyewe. Ugomvi wangu na usafi ulianzia hapo, na ndio sababu ya kuandika haya.

Nianze na kinanda. Baba hakuwahi kukiita gramafoni. Chake kilikufa kabla sijamaliza sekondari, kwa hiyo binamu yangu anayeishi Marekani akasema nisihangaike, akaja likizo ya Desemba na mashine ya santuri ndani ya begi, imezungushiwa taulo. Nzuri, nzito, ya miaka ya sabini. Ilikuwa ya volti 120, nikanunua transfoma ya kushusha umeme wetu wa 240, nikaweka santuri ya kwanza, nikakaa na kikombe cha chai.

Waimbaji walisikika kama watu walioamshwa usiku wa manane kutoa ushahidi. Gitaa la benga, ambalo kazi yake ni kukimbia, lilikuwa linapanda mlima na gunia la mahindi mgongoni. Nikadhani santuri imejikunja kwa joto. Nikaweka nyingine, msiba uleule. Nikaanza kumlaumu binamu, na kwa mbali nikamlaumu na baba.

Pale Kibuye, hapa Kisumu, kuna fundi wa redio, mzee anayevaa miwani mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine, akiangalia vitu vidogo. Hakufungua hata skrubu moja. Alikata kipande cha karatasi, akakibandika pembeni mwa sahani, akatazama saa ya simu yake na kuanza kuhesabu kwa midomo.

"Thelathini na saba na nusu," akasema dakika ilipokwisha. "Inatakiwa arobaini na tano. Mwalimu, hii mashine ilitoka Marekani?"

"Ndiyo, mzee."

"Umeme wa kule unapiga mara sitini kwa sekunde. Wetu hamsini. Transfoma yako inashusha nguvu tu, mapigo haiyagusi. Na hii mota inafuata mapigo."

Nilitamani kuingia chini ya meza. Zidisha 45 kwa 50, gawanya kwa 60, unapata 37.5 kamili. Swali la darasa la saba lilikuwa likizunguka mbele ya macho yangu wiki nzima na mimi nanywa chai. Kushuka huko kunatosha kuteremsha sauti karibu nusutoni tatu, ndiyo maana mwanamume mwenye sauti nyembamba alikuwa amegeuka mzee wa kanisa.

Fundi akanituma kwa kijana mmoja wa jua kali mwenye mashine ya kukereza vyuma, anitengenezee puli ya mota iliyo pana zaidi kwa sehemu moja ya tano. Akakereza ya shaba, inang'aa kama pete ya arusi. Mwendo ukawa 45, lakini tundu lilikuwa limekwenda upande kwa unene wa unywele, na kila mzunguko sauti ikapanda na kushuka kama mlevi anayetafuta funguo. Nikarudisha puli ya zamani. Programu ninayotumia ni Audacity, ya bure, ipo tangu mwaka 2000, nayo ina sehemu ya kubadili mwendo: nanasa wimbo ukiwa na usingizi wake, kisha nazidisha mwendo kwa 1.2. Waimbaji wanaamka. Puli ya shaba iko mezani, inazuia karatasi za mtihani zisipeperuke.

Mambo mengine nitayapita haraka. Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo mno, milivolti chache tu, tena sauti nzito hupunguzwa na nyembamba huzidishwa wakati santuri inakatwa, ili mifereji isipanuke ikaingiliana. Kwa hiyo huwezi kuchomeka mashine moja kwa moja kwenye kompyuta. Lazima upitie amplifaya yenye tundu lililoandikwa PHONO, ambayo hurudisha mizani hiyo kwa kanuni inayotumika tangu 1954. Mafundi wa kweli watakuambia kwamba mimi nikirekebisha mwendo baada ya amplifaya, mizani hiyo nayo inasogea kidogo. Wana haki. Masikio yangu hayajalalamika.

Ukisikia mngurumo wa chini usiokoma, huo ni umeme wa ukutani unaimba wimbo wake wa hezi 50. Funga ule waya mwembamba wa mashine kwenye skrubu ya amplifaya, kisha chomoa chaja ya kompyuta uendeshe kwa betri. Kwangu hilo la pili ndilo lililoumaliza. Na tundu la maikrofoni lililo kwenye kompyuta nyingi liache kabisa, mara nyingi lina sauti ya upande mmoja na hulemewa upesi. Tafuta kijisanduku cha USB cha kuingizia sauti. Stima nayo, ikipotea katikati ya wimbo, utasikia mwimbaji akizama polepole kama ng'ombe anayelala chini. Hiyo nimenasa mara sita. Moja nimeihifadhi kwa kuwa inanichekesha.

Za kuosha, nilitumia maji ya betri ya gari, yale yaliyochujwa yanayouzwa kwenye vituo vya petroli, na tone moja la sabuni ya vyombo. Soma chupa mara mbili, kwa maana asidi ya betri huwa kwenye rafu hiyohiyo. Na zile santuri nzito za zamani za mizunguko 78, zinazovunjika kama sahani ya udongo, usizipake spiriti hata siku moja. Zimetengenezwa kwa utomvu ambao spiriti huuyeyusha. Baba alikuwa na mbili. Sasa ninayo moja na nusu.

Benga ilinikalisha chini muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Upande mmoja wa santuri ndogo hubeba dakika chache tu, na wimbo wa benga hauwezi kwisha kabla magitaa hayajafika pale mwisho yanapoachiwa yakimbie. Kwa hiyo walikuwa wanaukata katikati: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B. Mwimbaji anaeleza kisa, anawasalimu wafadhili wake mmoja mmoja, kisha sauti inafifia wakati miguu ndiyo kwanza imepata moto. Unageuza santuri.

Kaka yangu aliye Eldoret, niliyemtumia faili za kwanza, alitaka nizishone pamoja ziwe wimbo mmoja. Ni kazi ya dakika mbili kwenye kompyuta. Nilishona tano, nikazisikiliza, nikazifumua zote. Namkumbuka baba pale Nakuru siku za Krismasi, wageni wamejaa sebuleni na wengine mlangoni, sauti inafifia, naye anaenda kwenye kinanda bila haraka kwa makusudi, anashika santuri kwa kingo, anaipuliza, anaigeuza. Watu wamesimama walipo, mikono bado iko hewani. Ukimya ule wa sekunde kumi ulikuwa wake. Mwanamuziki aliyerekodi alijua upo, producer alijua, hata yule aliyebandika lebo alijua. Siwezi kuufuta eti kwa sababu kompyuta haihitaji kugeuzwa.

Nyingi ya santuri hizo zina lebo za watu wa huku kwetu. Kuna za Phares Oluoch Kanindo, aliyesambaza benga mpaka kusini mwa Afrika, hata huko Zimbabwe watu wakauita muziki wa namna hiyo "kanindo" tu, jina la mfanyabiashara likawa jina la mtindo. Watu wananiomba niziweke YouTube. Hapana. Wanamuziki wengi wa enzi hizo walilipwa kidogo wakaenda zao, na Kenya ina sheria ya hakimiliki; kununua santuri hakukumpa baba nyimbo, kulimpa santuri. Nazihifadhi kwa ajili ya nyumba yetu. Anayetaka kusikiliza aje, chai ipo.

Sasa ile chupa.

Kati ya santuri za baba kuna chache za omutibo, gitaa kavu la Waluhya, mtindo usiotajwa bila kumtaja mpiga gitaa George Mukabi wa eneo la Kisa, aliyefariki 1963. Gitaa moja, sauti za watu, na mtu anayegonga chupa ya Fanta kwa kipande cha chuma. Chupa ile yenye mikunjo ndiyo ngoma yote. Moja ya santuri hizi ilikuwa imechakaa vibaya, inatatarika kama mahindi kwenye kikaango, nikasema hii ndiyo ya kusafishwa. Audacity ina kifaa cha kuondoa milio ya vumbi na mikwaruzo: hutafuta kila kilele kifupi, kikali, kinachochomoza ghafla kwenye sauti, hukikata na kuziba pengo. Nikaongeza ukali wake. Kutatarika kukapungua. Nikaongeza tena. Kukaisha.

Nilikaa nikisikiliza na kujisifu, mpaka mwanangu wa kiume, aliyekuwa anapita akitafuta chaja, akauliza, "Mama, kwani huyu wa chupa amechoka?"

Nikarudia. Kweli. Chupa ilikuwa bado ipo, lakini imevalishwa soksi. Ule mwanzo mkali wa kila pigo, pale chuma kinapokutana na kioo, programu ilikuwa imeuona kuwa ni vumbi, ikauondoa kwa uaminifu mkubwa. Haina kosa. Kwake vumbi linapiga kwa kifupi na kwa ukali, na chupa nayo inapiga kwa kifupi na kwa ukali. Itajuaje kwamba mmoja ni uchafu na mwingine ni Mkisa mwenye kazi yake? Nilirudi kwenye faili mbichi, nikatafuta mikwaruzo mikubwa tu, nikaiondoa mmoja mmoja kwa mkono, usiku tatu kwa wimbo wa dakika tatu. Iliyobaki inatatarika. Chupa iko macho.

Tangu siku hiyo nina sheria moja nyumbani: faili ya kwanza haiguswi. Naifungia kwa biti 24 na kilohezi 48, vipimo vya usahihi wa sauti, vilele visivuke desibeli sita chini ya ukomo, nahifadhi kwa FLAC ambayo hupunguza ukubwa bila kutupa chochote, na usafi wowote naufanya kwenye nakala. C90 nzima ni kama jigabaiti moja na nusu kabla ya kubanwa. Nakala moja iko kwangu, moja kwenye diski kabatini shuleni, moja Eldoret kwa kaka, ambaye bado amekasirika kuhusu zile tano nilizofumua.

Kaseti zilikuwa na matatizo ya ziwa. Unyevu wa Kisumu si wa mchezo, na wa Butere na mvua zake si haba; tisa zilikuwa na ukungu mweupe ubavuni mwa utepe, unauona kupitia kidirisha kama unga uliomwagika. Kaseti ya hivyo ukiicheza unapanda ukungu kwenye mashine, na mashine inapanda kwenye kaseti zote zinazofuata. Nilizitoa nje kibarazani, barakoa usoni, nikafungua skrubu tano za kila moja na kufuta polepole kwa pamba kavu. Zile zilizogundishwa bila skrubu nilizipasua, nikahamishia utepe kwenye ganda la kaseti ya mahubiri iliyokuwa mbovu. Mungu anisamehe, ganda lilikuwa zuri. Vipande vya sponji vinavyosukuma utepe kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma sauti, vilikuwa vimedondoka katika kaseti saba. Bila hivyo sauti hufifia na kurudi, kana kwamba mtu anaongea huku akigeuka kutazama dirishani.

Redio kaseti yenyewe ilikuwa imekufa kwa ugonjwa wa kawaida: belti za mpira zimeyeyuka zikawa lami nyeusi. Fundi wa miwani mbili alisafisha, akaweka mpya, kisha akanifundisha jambo ambalo peke yake lilistahili nauli zote za Kibuye. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo inayoilaza au kuisimamisha. Kaseti iliyonaswa na mashine ambayo hedi yake ilikuwa imelala kidogo, ukiichezea kwenye mashine iliyosimama sawa, sauti zote nyembamba zinapotea, unasikia kama mtu anaongea nyuma ya blanketi. "Igeuze kwa robo ya robo," alisema, "usikilize sauti ya 's'. Ikiamka, simama hapo." Watu hutupa kaseti wakisema zimezeeka, kumbe kinachotakiwa ni kugeuza bisibisi kwa upana wa ukucha. Kila kaseti ya baba nimeifanyia hivyo upya, kwa sababu alizinasa kwa mashine tofauti, nyingine za kuazima.

Namba 17 haikuwa na jina. Iliandikwa tu "Mama", kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa baba.

Kwa wasiojua: kaseti ilikuwa na vimeno viwili vya plastiki mgongoni. Ukivivunja, mashine inakataa kunasa juu yake. Ndiyo ilikuwa kufuli. Na kufuli hiyo ilikuwa na ufunguo ambao kila kijana aliujua: kipande cha selotepu juu ya tundu, basi. Vimeno vya namba 17 vilikuwa vimevunjwa vyote viwili, na tundu la upande B lilikuwa limezibwa kwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai. Nilipoiona nilijua kabla ya kubonyeza kitufe. Nilikuwa na miaka 15. Sikuwa na pesa ya kaseti tupu, na kulikuwa na kipindi cha nyimbo za kuombwa redioni, Jumamosi alasiri.

Upande A ulikuwa kimya, kwa kuwa baba hakuunasa kabisa. Upande B ulianza na mtangazaji, kisha nyimbo, kisha ule mkatiko mdogo wa kidole changu kikibonyeza kitufe cha kusimamisha kabla ya matangazo ya biashara. Nilivumilia dakika 38 zake. Nikiwa nimeshaanza kunyoosha mkono kuizima, wimbo ukakatika, na bibi akaanza kuongea katikati ya neno.

Baba alikuwa anafanya hivyo kama wengi walivyofanya. Barua za kusomwa na mtu mwingine hazikumpendeza bibi, kwa hiyo baba alikuwa akienda nyumbani na redio kaseti, anamwacha aseme, naye anarudi nayo Nakuru asikilize mara nyingi atakavyo. Katika mashine, hedi ya kufuta hutangulia ile ya kunasa. Chochote kilichokuwa chini ya zile dakika 38 kilipanguswa kabla nyimbo zangu hazijaandikwa. Nilijaribu kupandisha sauti kati ya wimbo na wimbo, usiku, vipokea sauti masikioni, nikitafuta hata kivuli. Hamna. Kilichobaki ni dakika saba za mwisho, kwa sababu Jumamosi hiyo kipindi kiliisha kabla ya utepe.

Na dakika saba zenyewe zilikuwa chafu. Mvumo wa utepe, kitu kinachogonga kwa mbali bila kukoma, kuku. Nikasahau somo la chupa. Audacity hukuruhusu kuchagua kipande chenye kelele tupu, ikajifunza sura yake, kisha ikaiondoa kote. Nilichagua sekunde mbili bibi alipovuta pumzi, nikaondoa desibeli 24, nikaweka kwenye simu na spika ndogo, nikapanda matatu kwenda Butere.

Shangazi alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Alipomaliza akanitazama.

"Huyu ni nani anaongea ndani ya mtungi?"

"Ni bibi, shangazi."

"Mama hakuwa na sauti hiyo."

Kompyuta nilikuwa nayo. Nikafungua ile faili mbichi, dakika 45 zote, nikasogeza hadi mwisho wa redio. Neno la bibi lilipoanzia katikati, shangazi akakaa wima. Mkono wake ukapanda kuninyamazisha, na mimi wala sikuwa nasema kitu.

"Hiyo ni mashine ya posho," akasema. "Ile ya sokoni. Unaisikia inavyokohoa ikianza? Basi ni kule kwenye nyumba ya zamani, kabla hatujahama. Na ni siku ya soko, siku nyingine haikuwa inasaga mpaka saa hizo." Akasikiliza tena. "Huyo kuku alikuwa wa kwangu."

Kelele ile niliyoichagua kwa sekunde mbili ili kompyuta ijifunze kuichukia ilikuwa na anwani na siku ya wiki.

Bibi alikuwa anamweleza mwanawe habari za matanga, kwa Kiluhya, bila haraka. Nani alileta ng'ombe, nani alileta maneno tu. Kisha akaanza kutaja waliokuja kutoka ng'ambo ya mto, mmoja mmoja, kwa jina na kwa jina la baba. Alipofika kwa wa nane au wa tisa utepe ukaisha, tak, redio kaseti ikajizima.

Shangazi hakusimama. Aliendelea pale pale mamaye alipokatiwa, akataja wa tisa, wa kumi, wake zao, watoto waliobebwa mgongoni, na mmoja aliyekuja amelewa akatolewa. Majina yalikuwa mengi kuliko ya bibi. Nilibaki nimemtazama mdomoni, na simu iko mkobani, na kompyuta iko magotini imesimama, haijawashwa kunasa chochote.

Nikamwomba arudie, simu ikiwa mkononi sasa.

"Nimeshasema," akajibu, akaniambia nirudishe tena pale mashine inapokohoa.